Ule Uvimbe Ulikuwa Unapiga

Siku Bisharo alipouona kwa mara ya kwanza, uvimbe ulikuwa kama punje ya mahindi. Ulikaa juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia wa binti yake Fahmo, upande wa ndani, pale pale nesi hushika akitaka kupima mapigo ya mtu. Alidhani ni mdudu amemuuma. Akaupaka samli, akausugua kwa kidole gumba, akasema, "Itaisha, hooyo," kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe. Haikuisha. Ramadhani ilipoingia ulikuwa umefika ukubwa wa tende, na ngozi ya juu yake imeanza kung'aa.

Sasa mkono wa Fahmo si mkono wa hivi hivi. Bulla Pesa yote, mtaa wao wa Isiolo, inaujua. Tangu alipomaliza shule amekuwa akiwachora maharusi hina, na akishika koni ya hina mkono unakwenda kama unaota wenyewe: majani, maua, vishada, mpaka kwenye kiwiko, bila kufuta mahali. Watu hutoka hadi Garbatulla kumchukua. Baba yake, Abdikadir, ambaye huendesha lori njia ya Moyale na hana mazoea ya kumsifu mtu, aliwahi kusema kwamba mtoto huyu ana akili kwenye vidole. Ndiyo maana uvimbe ule ulimkosesha Bisharo usingizi. Ungekuwa mguuni angengoja.

Kila mtu alikuwa na lake. Abiba, jirani wa mlango wa pili, Mborana mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, alisema ni jicho. "Kila harusi wanauangalia mkono mmoja, wewe unategemea nini?" Mwingine akasema ni baridi ya hina. Mwingine akasema ni mshipa umejikunja, uvutwe. Bisharo alisikiliza wote, kwa kuwa mama mwenye wasiwasi husikiliza hata paka.

Hakuna aliyekumbuka Leparua. Mvua zilipokatika, Fahmo alikuwa amekwenda huko Leparua kwa mjomba wake Abdinur, na siku hiyo walikuwa wakihamisha boma la mbuzi. Alipokuwa akiburuta tawi la mgunga, mwiba mmoja mrefu mweupe ulimwingia mkononi. Aliuchomoa mwenyewe. Damu iliruka, ikamwagika kwenye gauni, akajifunga kipande cha leso, akaendelea na kazi. Kuchomwa na mwiba huko ni kama kukanyaga vumbi, hakuna anayeingia nyumbani akatangaza. Kidonda kilifunga, wakasahau.

Baada ya Idi, harusi zikaanza kuja, na kidole gumba cha Fahmo kikaanza kufa ganzi. Bi harusi mmoja alitoka na ua lililopinda. Fahmo akasema ni koni iliziba. Bisharo aliona kwamba haikuziba.

Wiki hiyo ndipo alikuja Kinya. Kinya ni Mmeru, nesi kwenye kliniki ndogo ya pale mjini, na dada yake alikuwa anaolewa. Alikaa kwenye mkeka, akatoa viganja vyake, na alipotaka kusogea vizuri akamshika Fahmo kifundo cha mkono. Hakuuachia.

"Fahmo, hebu ngoja. Hapa pananipiga kidole."

"Ni uvimbe tu, sista. Hauumi."

"Hauumi lakini unapiga. Mama Fahmo, njoo uweke kidole."

Bisharo alikuwa akimimina chai. "Mkono wa mtu lazima upige," alisema. "Usipopiga, si tutakuwa tumeshazika?"

Fahmo alicheka. Kinya alitabasamu kidogo tu, akaendelea kuushika ule mkono.

"Mama, mpeleke akapigwe ultrasaundi."

Bisharo aliweka thamosi chini. "Ultrasaundi ya nini? Huyu hajaolewa."

"Ya mkono, si ya tumbo."

"Kwani kuna ya mkono?"

"Ni mashine ile ile. Inaangalia popote."

"Aa," alisema Bisharo, akampa chai, akaanza kuuliza habari za harusi.

Mashine ile ile ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Mashine ile ile maana yake ni chumba kile kile, na nje ya chumba kile kuna benchi, na kwenye benchi hilo hukaa wajawazito wa Isiolo yote. Msichana ambaye hajaolewa akionekana amekaa hapo asubuhi, saa sita mtaa wa Chechelesi watakuwa wamejua, na jioni madereva wa lori watamwambia baba yake huko Moyale kabla hajashuka kwenye gari. Utamfuata kila mmoja umweleze habari ya mkono? Watu hawangoji maelezo. Bisharo alimpenda binti yake kuliko macho yake mawili, na kwa upendo huo huo akakata shauri kwamba kwenye benchi lile hatakaa.

Mama mwenzangu unayesoma, usimcheke. Fikiria benchi la kwenu.

Akatafuta njia ya katikati, akampeleka eksirei. Eksirei ina heshima yake: huenda mtu aliyeanguka na pikipiki, mzee aliyeteleza, mtoto wa shule. Hapo hakuna wa kumnong'ona mtu. Picha ikapigwa, ikatoka safi, mifupa myeupe imepangana kama meno. Kijana wa eksirei akaielekeza kwenye mwanga.

"Mifupa iko sawa, mama. Haijavunjika, haijaliwa. Lakini uvimbe wenyewe uko kwenye nyama, na nyama hapa haionekani vizuri. Hii inataka ul—"

"Alhamdulillahi," alisema Bisharo, na picha akaishika yeye.

Aliondoka pale kama aliyepewa dawa. Nyumbani aliinua ile picha dirishani, akamwita Abiba aone, na Abiba akasema mashallah, mtoto ana mifupa mizuri. Wote wawili wakairidhia. Walikuwa wameonyeshwa kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa, wakasahau kwamba chenye ugonjwa hakikuonyeshwa.

Kama mfupa ni mzima, basi ni damu imekusanyika. Na ikiwa ni damu imekusanyika, kwetu sisi dawa yake inajulikana: hijama, kuvuta damu kwa kikombe. Bisharo alikwenda Chechelesi kwa Ruweida, anayepiga wanawake hijama, mwanamke msafi wa mikono na maneno, hashiki mtu bila glovu na hatumii wembe mara mbili. Ruweida hupenda kungoja mwezi wa Kiislamu upite nusu, siku ya kumi na saba, kama sunna. Wakapanga hivyo. Siku zile za kungoja, Fahmo hakufurahi.

"Hooyo, Kinya alisema nipelekwe ile nyingine."

"Kinya ni mtu mzuri. Lakini Kinya hakai Bulla Pesa."

"Kwa hivyo mkono wangu ukatwe juu ya watu wa Bulla Pesa?"

"Nani amesema kukatwa? Ni kuchanjwa kidogo. Mimi nimechanjwa mgongo mzima na bado nikakuzaa."

"Mgongo haukuwa na hii kitu."

Bisharo akamtuma dukani.

Siku ilipofika walikwenda mapema, Fahmo hajala. Ruweida alitandika kitambaa cheupe kwenye mto, akaulaza mkono juu yake, akaupangusa kwa dawa. Alitoa kikombe kidogo cha plastiki inayoonyesha ndani, akakiweka juu ya uvimbe, akavuta hewa kwa pampu yake taratibu. Hivyo ndivyo hufanywa: kwanza kikombe kinavuta, kisha kinatolewa, ngozi inachanjwa kwa wembe, kinarudishwa ili kinywe damu. Bisharo alishika kiwiko cha mwanawe asije akaruka. Fahmo aligeuza uso ukutani.

Uvimbe uliinuka ndani ya kikombe, ngozi ikawa nyembamba kama ya nyanya. Ruweida aliinama kufungua karatasi ya wembe. Bisharo hakuwa akimwangalia Ruweida. Alikuwa akiangalia kikombe, kwa sababu mwanga wa dirisha uliokuwa umekaa juu ya ile plastiki haukutulia. Ulienda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Mwanzoni alidhani ni Fahmo anatetemeka. Akakaza kiwiko. Kiwiko kilikuwa kimetulia kabisa. Kikombe ndicho kilichoruka, na kiliruka kwa mwendo mmoja, kama kifaranga anayepumua mkononi mwa mtu.

Hapo ndipo maneno ya Kinya yalipomrudia. Unapiga.

"Ruweida, ngoja."

"Bismillahi nimeshasoma, abaayo, dada yangu. Usiangalie, angalia mlango."

"Ngoja nakwambia. Kikombe kinaruka."

Ruweida aliinua kichwa. Aliangalia kikombe, akaangalia uso wa Bisharo, kisha akainama mpaka macho yake yakakaribia plastiki. Alikaa hivyo. Alipoinuka, aliuweka wembe mbali kabla ya kufanya kitu kingine chochote, kisha akaachia hewa pole pole mpaka kikombe kikatoka chenyewe. Ilibaki alama ya duara nyekundu kuzunguka uvimbe. Akaweka kidole kimoja juu yake, chepesi kama anayegusa mtoto aliyelala.

"Mbona hukuniambia hii inapiga?"

"Sikujua ni kitu cha kuambiwa."

"Mimi natoa damu iliyolala, Bisharo. Hii haijalala. Hii inatembea." Alivua glovu. "Chukua mtoto uende hospitali. Si kesho. Na nipigie simu nisikie umefika."

Basi wakafika kwenye benchi.

Na unajua ni nani alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu mbele, kikapu mapajani? Abiba. Alikuwa amemleta mkwe wake, mke wa kijana wake, tumbo limeshafika juu. Bisharo alimwona kutoka mbali, na miguu ikataka kugeuka yenyewe. Lakini alikuwa amemshika Fahmo kwa ule mkono wa pili, na alikuwa ameona kikombe kikiruka.

"Salaam aleikum, Mama Fahmo."

"Waaleikum salaam."

"Kumbe na nyinyi?"

"Na sisi."

Abiba alimtazama Fahmo juu mpaka chini, macho yakarudi tumboni yakakaa hapo. Wanawake wengine nao wakaacha mazungumzo yao.

"Miezi mingapi?" aliuliza Abiba, kwa sauti aliyotaka ionekane ni ya utani.

Bisharo alihisi moto wa aibu kwenye masikio. Halafu akachukua mkono wa binti yake, akavuta mkono wa buibui nyuma, akauinua juu mbele ya benchi zima, kama mtu anayeonyesha bidhaa sokoni.

"Ujauzito wetu uko hapa. Angalieni vizuri, ili mkienda kueleza mueleze vizuri. Abiba, umeona, ama niulete karibu?"

Mwanamke mmoja wa Kiturkana, mzito kabisa, alianza kucheka mpaka akashika tumbo, na wengine wakamfuata, hata Abiba mwenyewe. Mkwe wa Abiba akasogea. "Kaa hapa, dada Fahmo. Hicho chako kinaonekana kitazaliwa kabla ya changu." Ikawa imekwisha hivyo. Aibu aliyokuwa ameiogopa tangu Idi ilikuwa na urefu wa kicheko kimoja.

Chumba cha picha kilikuwa na giza kidogo, pazia limeshushwa. Mwenye mashine aliitwa Ekiru, mrefu, sauti ya taratibu. Bisharo akamwita daktari, naye akasema yeye si daktari, yeye ni wa picha tu, na akawapa viti. Alimimina jeli nyingi juu ya mkono wa Fahmo.

"Ni baridi," alisema Fahmo.

"Ni baridi. Sitakubonyeza. Nitaigusa hii jeli tu, ngozi yako hata haitajua." Akachukua kile kifaa chake kidogo, chenye waya, akakiweka kwenye jeli kwa wepesi ambao Bisharo aliutambua. Ndivyo Fahmo anavyoshika koni. "Nani amekuwa akiusugua huu?"

"Mimi. Kwa samli."

"Samli upikie sasa, mama."

Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kijivu tu, kama mchanga wa lagha, mto wa msimu, baada ya maji kupita. Ekiru aliusoma kama mtu anayesoma njia ya kwao. Hii ni ngozi, hapa mafuta, hizi kamba ni za kukunja vidole, hebu cheza kidole gumba. Fahmo akacheza, na kwenye kioo kamba moja ikateleza huku na huku, hai. Bisharo alisahau woga akasogeza kiti. Ishirini na moja ni miaka aliyomlea mtoto huyu, akamwogesha, akamsuka, akamkata kucha, na hakuwahi kumwona ndani. Sasa alimwona, na hakuna aliyemkata hata unywele.

"Uvimbe wa mikono nauona kila wiki," Ekiru alisema, macho kwenye kioo. "Mwingi hauna neno. Kuna wa maji, yanatoka kwenye kiungo yanajikusanya. Kuna wa mafuta. Kuna nyama imeota pale isipotakiwa, hiyo ndiyo hatupendi kuikawiza. Kwa nje wote ni ndugu, mama. Mviringo ni ule ule. Huku ndani ndiyo kila mmoja ana sura yake."

Kisha ukatokea: shimo la mviringo, jeusi, limetulia.

"Basi ni maji," alisema Bisharo haraka.

"Na mimi ningesema maji, kama ningeishia hapa." Akabonyeza kitu.

Rangi ikaingia.

Bisharo hakuwa amejua kwamba mashine ile ina rangi. Lile shimo jeusi likajaa, nusu nyekundu nusu buluu, na rangi hizo hazikukaa. Zilizunguka, moja ikifukuza nyingine, kila pigo likizisukuma upya. Ekiru akageuza kitufe kingine na chumba kikajaa sauti, ushu, ushu, ushu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Bisharo aliijua sauti ile. Aliwahi kuisikia mara moja, alipokuwa na mimba ya mtoto huyu huyu.

"Inazunguka," alisema Fahmo kwa sauti ndogo. Yeye alikuwa akiangalia kama mchoraji.

"Inazunguka. Hii si uvimbe wa kuota. Huu mshipa mkubwa hapa ndio unaopeleka damu mkononi. Umetobolewa. Damu imetoka, ikajitengenezea mfuko pembeni. Unaona mlango? Mwembamba hivi. Nyekundu inaingia, buluu inatoka, kila moyo ukipiga. Na mfuko wenyewe hauna ukuta wa maana. Ukuta wake ni nyama iliyoushikilia, na ngozi."

Bisharo aliuliza, "Na kama mtu angeukata? Kidogo tu, kwa wembe."

"Nani angeukata?"

Bisharo alifungua mdomo. "Hakuna," alijibu Fahmo kabla yake, bila kugeuka. "Ni kuuliza tu."

Ekiru aliangalia ile duara nyekundu ya kikombe iliyouzunguka uvimbe, bado mbichi. Aliiangalia vizuri. Alisema tu, pole pole, kama anayezungumza na kioo, "Angeukata, mama, hakuna kitambaa hapa Isiolo ambacho kingeizuia hiyo damu."

Mwanamke anaweza kulia bila kutoa sauti akiwa amezoea. Ekiru alimwacha Bisharo alie, akaendelea na kazi. Alizima rangi, akasogeza kifaa kidogo, akasimama. Akarudi. Akasimama tena.

"Uliwahi kuchomwa na kitu hapa?"

"Hapana," alisema Bisharo.

"Ndiyo," alisema Fahmo. "Leparua. Mwiba wa mgunga. Lakini niliutoa."

"Ulitoa mwingi." Kwenye kijivu, kando ya mshipa, kulikuwa na mstari mfupi mweupe uliong'aa, na chini yake kivuli cheusi, kama kijiti kilichosimama juani. "Ncha ilibaki. Iko hapa imelala inakungoja."

"Lakini eksirei ilisema hakuna kitu," alisema Bisharo. "Picha ninayo nyumbani."

"Eksirei haikudanganya. Uliiuliza mifupa, ikakujibu mifupa. Mwiba wa mti huko hupita kama haupo. Kungekuwa na msumari, ungeuona."

Halafu akafanya jambo ambalo Bisharo hulisimulia kuliko yote. Aliubana ule mshipa wenye ugonjwa kwa kidole, juu zaidi kuelekea kiwiko, akapeleka kifaa kwenye kiganja. Walingoja. Rangi ikaja kiganjani, nyekundu, bila kuchelewa. "Mkono una njia mbili za damu," alisema. "Hii ya pili ni nzima na inafika mpaka kwenye vidole. Watakaomshona wanataka kujua hivyo kabla ya kitu chochote. Hata ile moja ikifungwa kidogo, mkono hautakufa." Bisharo alitaka kumuuliza kama utachora. Hakuthubutu. Fahmo ndiye aliyeuliza.

"Hiyo mashine haijui," Ekiru alisema. "Lakini kamba za vidole nimeziona zote, hakuna iliyokatika."

Daktari aliyekuja kuangalia alisema waende Meru siku ile ile, gari la hospitali litawapeleka, na mkono ufungwe usiguswe. Ekiru akachukua kalamu ya wino kumwekea daktari wa huko alama juu ya ngozi, mwiba ulipolala, asije akautafuta kwa kisu. Wino ukateleza kwenye mafuta ya jeli. Akapangusa, akaandika tena. "Mpaka Meru hii itakuwa imefutika kwenye bandeji," alisema, kwa hasira kidogo.

Fahmo aliinua mkono wake mzima, akauingiza kwenye mkoba, akatoa koni ya hina.

Ekiru aliitazama ile koni, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Hiyo itakaa?"

"Itakaa kuliko gari lenu. Si piko, ile nyeusi ya dawa; hii ni ya majani, haichomi ngozi. Nionyeshe tu."

Alimwonyesha. Akausafisha mkono vizuri kwa pamba, akashika kifaa pembeni, akasema hapa ndiyo ncha, hapa ndiyo mwisho. Fahmo, kwa mkono wa kushoto ambao hauna ufundi, bila kuigusa ngozi, akadondosha nukta moja, na nukta ya pili. Kisha akauzungushia uvimbe duara. Lilikuwa limepinda. Bisharo hajawahi kuona hina nzuri kama ile. Wakatoka wakakaa tena kwenye benchi kungoja hina ikauke wakati gari likitafutwa, na wajawazito wote wakataka kuona alama zile na kuelezwa, na Abiba ndiye aliyeeleza, tena kwa usahihi.

Huko Meru daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke. Alifungua bandeji, hina imeshakuwa ya rangi ya chungwa, akasoma karatasi ya Ekiru, akaangalia nukta. "Nani amechora?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia ndio huo."

"Basi tuushughulikie huo," alisema.

Bisharo alikaa kwenye korido na tasbihi yake, na simu ya Abdikadir ikimlia kila alipopata mtandao njiani, na Ruweida naye, na Kinya naye. Kwa wote alikuwa na jibu moja: wako ndani. Walipotoka, daktari alimletea kichupa. Ndani mlikuwa na ncha ya mwiba, nyeusi sasa, ndogo kuliko ukucha. Ilikuwa imelala katikati ya nukta zile mbili. Mshipa ulishonwa, damu ikapita. Vidole vilikuwa na joto. Mengine, alisema, ni mazoezi na subira.

Subira ndiyo ilikuwa ngumu. Fahmo alibonyeza mpira wa kitambaa asubuhi na jioni, akamwaga chai, akatukana kwa Kisomali. Maharusi wakachorwa na wengine. Bisharo hakumwambia lolote, lakini kila alipopita karibu alimshika kifundo cha mkono kama kwa bahati mbaya, pale kwenye kovu, akasikiliza kwa kidole gumba. Palikuwa panapiga. Taratibu, chini kabisa, mahali pake.

Siku mkwe wa Abiba alipotimiza arubaini ya mtoto, alikataa kuchorwa na mtu mwingine. Akaja akakaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, akatoa mguu. Fahmo alishika koni. Bisharo akajifanya anachambua mchele, ila hakuna jiwe hata moja aliloliona siku hiyo. Mstari wa kwanza ukaanza kwenye kidole.

"Mama Fahmo," alisema Abiba kwa sauti ya chini, akasogea. Alivuta mkono wa buibui lake. Juu ya mkono, karibu na kiwiko, kulikuwa na kidude cha ukubwa wa njugu. "Hiki nimekaa nacho tangu zamani. Nilikuwa nakuficha. Hebu kisikilize, kinapiga?"

Bisharo aliweka kidole bila kubonyeza, akangoja. "Hakipigi."

"Alhamdulillahi." Abiba alianza kuushusha mkono wa nguo.

Bisharo hakuuachia. "Kutopiga si jibu, Abiba. Mimi niliambiwa mifupa mizima nikaenda kutafuta wembe. Huenda ni maji, huenda ni mafuta, Ekiru atatuambia. Kesho tunaenda."

"Kwenye lile benchi?"

"Kwenye lile lile."

"Na umri huu wangu? Watu wataniuliza miezi mingapi."

"Waambie tisa."

Mkwe wake aliangua kicheko mpaka mtoto akaamka. Fahmo naye alicheka, mabega yakacheza, lakini mstari wa hina ulikuwa umeshafika kwenye kifundo cha mguu, na haukutikisika.